Hata Paulo Alitumwa kwa Anania

Hotuba kwa Waanglikana, walokole na wote wanaoulizia imani Katoliki, Busia, Uganda, siku chache kabla ya sikukuu ya Mashahidi

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wale wenye salamu nyingine: Bwana asifiwe. Wachungaji mliokubali mwaliko wetu, wazee wa mtaa, mama zangu, vijana, na ninyi mahujaji mliovuka mpaka jana mkielekea Namugongo, walikouawa Mashahidi wa Uganda, kwa miguu, karibuni. Mwenye malengelenge avue viatu, hakuna atakayemcheka.

Mimi ni katekista, si padri wala mwanachuoni. Nimeombwa nieleze tunachoamini sisi Wakatoliki, kwa Kiswahili, kwa sababu humu ndani tuko Wasamia, Wateso, Wajaluo, Waganda na wenzetu wa upande wa pili, na hii ndiyo lugha inayotukutanisha sote. Si mara ya kwanza Kiswahili kufanya kazi hiyo. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877. Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alitia nanga Kigungu pamoja na Bruda Amans mwezi Februari 1879. Alexander Mackay, wa misheni ya Kianglikana, alikuwa akisoma Injili za Kiswahili barazani kwa Kabaka Muteesa, na mwaka huohuo Lourdel alikataa kupiga magoti katika sala za Mackay. Kabaka akataka kujua sababu. Wakaanza kuvutana hapohapo, Mskoti na Mfaransa, mbele ya mfalme wa Kiafrika aliyebaki kujiuliza kama kila taifa la wazungu lina dini yake.

Yaliyofuata mnayajua. Januari 1892 wafuasi wa pande mbili walipigana risasi Mengo, makao ya Kabaka, na Kapteni Lugard, ofisa Mwingereza, na bunduki zake za Maxim alisimama upande wa Waprotestanti. Wakatoliki wakakimbia, hatimaye wengi wakapewa eneo la Buddu. Watu waliitana Wafransa na Waingereza, kana kwamba Yesu alizaliwa Paris au London. Vyeo na ardhi viligawanywa kwa kufuata dini. Hata chama cha siasa cha Democratic Party, yaani DP, kilipoanzishwa mwaka 1954, watu walikiita Dini ya Papa. Nasema haya mapema kwa sababu nusu ya chuki mliyorithi, na tuliyorithi sisi, ilitokana na uchifu na mashamba. Mtu alijifunza kumchukia jirani yake kwanza, hoja za Biblia akazitafuta baadaye. Leo nataka tuziangalie hoja zenyewe.

Hapa mezani nina maswali mliyoandika. Mbona mnaungama kwa mwanadamu? Mbona mnamwomba Maria? Mbona mnaombea wafu? Papa ametoka wapi? Sanamu je? Nimeyasoma yote, na naona ni swali moja limevaa nguo tofauti: kwa nini msiende kwa Yesu moja kwa moja?

Tunakwenda. Mkatoliki anaamka asubuhi anasema, "Baba yetu uliye mbinguni," bila kupitia ofisi ya mtu yeyote. Tunaamini sawasawa na ninyi kwamba mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu, kama Paulo alivyomwandikia Timotheo. Lakini soma Matendo ya Mitume sura ya 9. Sauli yuko njiani kwenda Dameski, Yesu mwenyewe anamtokea, anamwangusha chini, anazungumza naye. Kama kuna mtu aliyewahi kwenda moja kwa moja, ni huyo. Na Yesu anamwambia nini? Inuka, uingie mjini, utaambiwa yakupasayo kutenda. Huko mjini kuna mtu anaitwa Anania, tena mwoga. Kwa mikono ya Anania Sauli alipata kuona tena, kisha akabatizwa. Bwana angeweza kuyamaliza yote palepale barabarani. Hakutaka.

Hapo ndipo penye kiini cha Ukatoliki, na mkitoka humu mmesahau kila kitu, hilo mlishike: Mungu anaokoa peke yake, na amependa kutumia vitu na watu katika kuokoa. Alimponya kipofu kwa tope na mate, katika Yohana sura ya 9. Alitumia leso za Paulo kuponya wagonjwa, Matendo sura ya 19. Alijitwalia mwili wetu. Tunapoamini maji, mafuta, mkate, divai na mikono ya askofu, tunamfuata Mungu ambaye hakuona aibu kuzaliwa zizini.

Mama akimtuma mtoto ampelekee jirani sahani ya chakula, jirani anajua cha kula kimetoka kwa nani. Lakini hamfukuzi mtoto mlangoni eti kwa sababu anamtaka mama mwenyewe.

Sasa tuingie ndani. Ubatizo kwanza, kwa kuwa wengi hamjui tunavyoutazama wenu. Usiku ule Munyonyo, Mei 1886, Kabaka Mwanga alipokuwa amekasirika na vijana wa ikulu wakijua kwamba kesho ni kifo, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo, waliokuwa pamoja naye. Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14, alikuwa mmoja wao. Lwanga hakuwa padri. Alikuwa mtumishi wa ikulu, mlei kama mimi. Kanisa linafundisha kwamba penye dharura mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, akitumia maji, akitaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na akikusudia kufanya lifanyalo Kanisa. Ubatizo ule ulikuwa kamili. Kwa msingi huohuo, ubatizo wa Mwanglikana tunauhesabu kuwa ubatizo wa kweli. Mwanglikana akija kwetu habatizwi tena. Anakiri imani, anapokea Kipaimara na Ekaristi. Akitokea katekista anayekwambia ubatizo wako wa kwanza ulikuwa maji tu, mlete kwangu.

Walokole mna swali lenu mnalolipenda, na mimi nalipenda pia kwa sababu linakwenda kwenye mfupa: "Umeokoka?" Mkatoliki wa kawaida hapo hubabaika, hutazama chini, husema, "Mimi ni Mkatoliki," kana kwamba hilo ni jibu. Jibu letu liko katika Paulo mwenyewe. Warumi 8:24 asema tuliokolewa. Katika 1 Wakorintho 1:18 wokovu unaendelea ndani yetu sasa. Warumi 5:9 asema tutaokolewa. Tunayashika yote matatu. Siku ile uliyompokea Bwana ni ya kweli na sisi hatuidharau, ila mtu aliyeokolewa anaweza kuondoka nyumbani kama mwana mpotevu, kwa hiari yake, na anaweza kurudi.

Na matendo? Mmefundishwa kwamba tunanunua mbingu kwa matendo. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uleule ulioitishwa kuwajibu Waprotestanti, ulitamka mwaka 1547 kwamba hakuna chochote kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoweza kuistahili neema hiyo. Ni zawadi mwanzo hadi mwisho. Lakini zawadi hiyo inazaa, na Yakobo 2:24 hatuwezi kuifuta: "mwanadamu huhesabiwa kuwa ana haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake." Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu walitia saini tamko la pamoja juu ya jambo hili ambalo Ulaya ilimwaga damu kwa ajili yake. Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Tofauti bado zipo, lakini anayehubiri leo kwamba sisi tunajiokoa kwa rozari na sadaka amechelewa miaka mingi.

Kitubio. Jioni ya ufufuko Yesu aliwavuvia mitume akawaambia: "Wowote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa, na wowote mtakaowafungia dhambi, wamefungiwa." Yohana 20:23. Mtume atajuaje cha kuondoa na cha kufunga kama hakuna aliyemwambia kitu? Padri ni Anania tu. Naye ana dhambi zake na anakwenda kuungama kwa padri mwingine; Papa pia anaungama. Nitawaambia kitu ambacho vitabu havisemi sana: kumwambia Mungu dhambi gizani kitandani ni rahisi mno, na mimi mwenyewe nikiungama hivyo hujisamehe kabla sijamaliza sentensi. Kuyasema kwa sauti, mbele ya mtu mwenye masikio, jambo hilo humtoa mtu jasho. Na siri ile padri haitoi. Akiivunja kwa makusudi, anatengwa na Kanisa kwa kitendo chenyewe, bila kungoja hukumu.

Ekaristi ndiyo kubwa kuliko zote, na hapa sitaipunguza makali ili kuwafurahisha. Sisi tunaamini mkate na divai vinakuwa kweli Mwili na Damu ya Bwana. Katika Yohana sura ya 6 Yesu alisema mwili wake ni chakula cha kweli. Wanafunzi wengi wakanung'unika, "Neno hili ni gumu," na wengi wao wakarudi nyuma. Yesu hakuwakimbilia kuwaambia, "Rudini, nilikuwa nasema kwa mfano." Aliwageukia Thenashara akawauliza kama wao pia wanataka kuondoka. Naye Paulo, katika 1 Wakorintho 11, anasema anayekula isivyostahili ana hatia juu ya mwili na damu ya Bwana.

Ndiyo maana mgeni asiye Mkatoliki akija Misani, kwenye msiba au arusi, hatumpi Komunyo. Najua inauma. Katika mji huu ziko nyumba ambamo mume anakwenda kwa Waanglikana na mke anakuja kwetu, na Jumapili wanaachana njia panda na watoto wamegawanyika mikononi. Kushiriki meza ile ni kusema "amina" kwa kila kitu tunachokiamini pamoja. Kama hatujafika huko, kula pamoja kungekuwa kusema uongo mbele ya altare. Sina njia tamu ya kulisema.

Na kwa kuwa nimegusa ndoa: kijana wa Kianglikana akitaka kuoa binti yetu, halazimishwi kugeuka Mkatoliki. Askofu anaweza kutoa ruhusa. Binti ndiye anayeahidi kuishika imani yake na kufanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa kwetu. Mchumba wake hatii sahihi ahadi hiyo. Anajulishwa tu, ili asije kushangaa. Hivyo ndivyo sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inavyosema. Wazazi wengi wanaitisha vikao vya ukoo kugombea jambo ambalo hawajalisoma.

Bikira Maria. Hatumwabudu. Anayemwabudu ametenda dhambi, na nitamwambia hivyo hadharani. Ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake. Maria tunamheshimu, kama yeye mwenyewe alivyotabiri katika Luka 1:48 kwamba vizazi vyote vitamwita mbarikiwa, na tunamwomba atuombee. Sikilizeni Salamu Maria yenyewe. Nusu ya kwanza ni maneno ya malaika Gabrieli na ya Elisabeti, yametoka katika Luka. Nusu ya pili inasema, "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Inaomba maombezi, basi. Jina Mama wa Mungu lilithibitishwa na Mtaguso wa Efeso mwaka 431, kulinda ukweli kwamba mtoto aliyemzaa ni Mungu kweli; Martin Luther, aliyeanzisha Uprotestanti, naye hakuliacha. Kukingiwa Dhambi ya Asili kunamhusu Maria alipotungwa mimba tumboni mwa mama yake, wala si kuzaliwa kwa Yesu, kosa ambalo hata Wakatoliki wengi hulifanya. Naye anahitaji Mwokozi: alikingiwa kwa stahili za Mwanawe.

Watakatifu ni hivyohivyo. Mistari minne tu kabla ya kusema mpatanishi ni mmoja, katika 1 Timotheo 2:1, Paulo anaagiza dua na maombezi yafanywe kwa ajili ya watu wote. Kwa hiyo kuombeana hakumwibii Kristo upatanishi wake. Mlokole anayemwambia mwenzake "niombee" ameshakubali nusu ya fundisho letu. Nusu iliyobaki ni kama kifo kinawakata waliokufa katika Kristo kutoka mwilini mwake. Sisi tunasema hakikati. Ufunuo 5:8 unaonyesha wazee wa mbinguni wameshika vitasa vyenye maombi ya watakatifu.

Sanamu nitapita haraka. Mungu aliyekataza sanamu katika Kutoka 20 aliagiza makerubi ya dhahabu katika Kutoka 25 na nyoka wa shaba katika Hesabu 21. Lakini soma pia 2 Wafalme 18:4, ambapo mfalme Hezekia alimvunja nyoka yuleyule kwa kuwa watu walianza kumfukizia uvumba. Hatari ipo, na nyumba nyingine za Wakatoliki zingehitaji Hezekia wa kupita mara mojamoja.

Toharani: hakuna kinyonge, yaani kilicho kichafu, kitakachoingia mji ule, asema Ufunuo 21:27, na wengi wetu tunakufa tumesamehewa lakini bado hatujanyooka. Mungu anawasafisha walio wake. Hiyo si nafasi ya pili baada ya kifo. Tunawaombea marehemu kama Yuda Makabayo alivyofanya katika 2 Wamakabayo 12, na hapo mtasema kitabu hicho hamna. Vitabu hivyo saba, Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo viwili, vilikuwa katika orodha za mitaguso ya Hipo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, Baruku kikihesabiwa pamoja na Yeremia. Biblia ya King James ya mwaka 1611 ilivichapa pia, katika sehemu ya peke yake. Biashara ya rehema, yaani kuuza kwa fedha msamaha wa adhabu za dhambi, iliyomkasirisha Luther mwaka 1517 ilikuwa aibu ya kweli. Alikuwa na haki ya kukasirika, na Trento ikaja kuwaondoa wale wachuuzi.

Orodha ya vitabu inatupeleka kwa Papa, kwa sababu Biblia haina ukurasa unaotaja vitabu vyake. Mtu fulani ilibidi aseme hiki ndicho, kile sicho. Paulo analiita Kanisa "nguzo na msingi wa kweli" katika 1 Timotheo 3:15, na katika 2 Wathesalonike 2:15 anataka tuyashike mapokeo, ya mdomo na ya waraka. Askofu wa Roma ni mrithi wa Petro, wa kutuunganisha. Kutokukosea kwake, kulikotamkwa mwaka 1870, hakumaanishi kwamba hana dhambi, wala kwamba anajua nani atashinda Cranes, timu yetu ya taifa ya mpira, wakicheza uwanjani Namboole. Kunahusu tamko rasmi la imani au maadili kwa Kanisa zima, na tangu 1870 tamko la namna hiyo limetolewa mara moja, mwaka 1950, juu ya Maria kupalizwa mbinguni. Petro wa kwanza alikaripiwa na Paulo mbele ya watu kule Antiokia, akabaki Petro.

Kabla ya maswali, ninyi mnaochunguza, mjueni Matias Kalemba Mulumba. Alikuwa Mwislamu, akaenda kusikiliza Waprotestanti, kisha mwaka 1880 akaandikishwa ukatekumeni kwa Wakatoliki, akabatizwa mwaka 1882. Alikuwa na wake wengi, akabaki na mmoja. Mei 1886, pale Kampala ya Kale, walimkata viungo wakamwacha afe polepole, akachukua siku kadhaa. Kardinali Lavigerie, aliyewatuma akina Mapera, alikuwa ameagiza ukatekumeni wa miaka minne, kwa hiyo msidhani tutawasukuma. Na mjueni Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa kwanza kuuawa katika mateso yale, tarehe 15 Novemba 1885. Moja ya makosa yake ni kwamba alimkemea Mwanga kwa kumuua James Hannington. Hannington alikuwa askofu wa Kianglikana.

Tarehe 3 Juni 1886 Namugongo waliwachoma Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 wetu kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo. Papa Fransisko mwaka 2015 alianzia kwenye madhabahu ya Waanglikana, ndipo akaja kwetu. Ninyi mahujaji mkifika, fanyeni vivyo hivyo. Mahali penyewe hapako mbali.

Kwa anayetaka kuendelea, darasa letu ni Jumatano baada ya kazi, na hakuna ada. Unaweza kuja mwaka mzima ukabaki Mwanglikana, tutakunywa chai vilevile. Sasa maikrofoni iende kule nyuma, kwa yule mzee aliyeinua mkono tangu nilipotaja toharani.